Delamere Si Jina la Ukoo

Msafiri anayetoka Naivasha kwenda Nakuru hukutana na neno Delamere kabla hajafika Gilgil. Lipo kwenye maduka ya kando ya barabara kuu ambako mabasi na matatu husimama abiria wanyooshe miguu na kununua mtindi. Lipo kwenye mashamba ya ng'ombe yanayopita dirishani. Lipo kwenye midomo ya makanga, wanaolitaja kama wanavyotaja kituo kingine chochote. Pamoja na neno hilo husafiri imani ambayo watu wengi wa eneo hili, wasomi na wasio wasomi, wameishika bila kuihoji. Imani yenyewe ni hii: Delamere ni jina la ukoo, jina la kale la Kiingereza, lililoshuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa mamia ya miaka bila kukatika, na hapo ndipo Wazungu walipotuzidi. Wao wana majina ya ukoo, kwa hiyo wana kumbukumbu. Sisi tuna Kamau wa Njoroge anayemzaa Njoroge wa Kamau, karani anachanganyikiwa, na kijana akiulizwa jina la ukoo anajaza lolote linaloenea kwenye kisanduku cha fomu. Kuna mtaa Naivasha, kando ya ziwa, unaoitwa Kihoto, na kihoto kwa Kikuyu ni hoja yenye haki ndani yake, ile ambayo wazee husema huvunja hata upinde uliokwisha kupindwa. Basi imani hii na ipimwe kwa kihoto. Delamere si jina la ukoo hata kidogo. Na majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyoletwa katika Bonde la Ufa hayakuanza kama kumbukumbu ya damu. Yalianza kama kumbukumbu ya ardhi, na mara nyingi ardhi ya mtu mwingine.

Tuanze na mtu mwenyewe. Yule anayeitwa Lord Delamere katika vitabu vya historia ya Kenya alizaliwa mwaka 1870, akafariki mwaka 1931, na jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley. Cholmondeley ndilo jina la ukoo, nalo hutamkwa "Chamli", kana kwamba nusu ya herufi ziliwekwa pale kuwatega wageni. Delamere ni cheo. Kilitolewa mwaka 1821, mwaka aliotawazwa Mfalme George IV, kikapewa Thomas Cholmondeley, bwana wa Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Hugh aliyekuja huku alikuwa wa tatu kukishika. Mwingereza mwenye cheo cha namna hii hutia sahihi kwa cheo peke yake, na hilo linaeleza kwa nini tulikosea, lakini watoto wake hawakirithi kama jina. Ndiyo maana kesi ya mauaji iliyomkabili mrithi wa cheo hicho, iliyoanza mwaka 2006 na kumalizika mwaka 2009 kwa hukumu ya kuua bila kukusudia, iliandikwa mahakamani kwa jina la Thomas Cholmondeley. Mrithi huyo alifariki mwaka 2016 baba yake akiwa bado hai. Hakuwahi kuwa Delamere hata siku moja, ingawa mitaani lilikuwa ndilo jina lake. Kwa miaka mitatu Wakenya walisoma jina la kweli la ukoo katika kurasa za mbele za magazeti, wakalitamka kwa taabu, kisha wakarudi kwenye lile walilolizoea.

Na cheo chenyewe kilitoka wapi? Delamere ni msitu. Huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna msitu ambao katika enzi za kati ulikuwa sehemu ya misitu ya wafalme iliyoitwa Mara na Mondrem, nchi ya mabwawa na viziwa. Neno mere katika Kiingereza cha kale ni ziwa, na makarani waliokuwa wakiandika kwa Kifaransa cha watawala wa Kinormani wakalitangulizia vijineno vyenye maana ya "wa". Likitafsiriwa bila kuongezewa heshima, Delamere ni "wa Ziwani". Si jina baya kwa mtu ambaye shamba lake la Soysambu lilikuja kulizunguka Ziwa Elmenteita. Lakini kama maana ya neno ndiyo ingeamua nani aitwe nani, basi Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka 2020 likaingia ndani ya nyumba za Kihoto, na likarudi tena mwaka 2025, watu wa ziwani kwa maana iliyotimia walikuwa wapangaji wa mtaa huo waliobeba magodoro kichwani. Hakuna mfalme aliyewatungia cheo.

Tena cheo hiki hakikuwa kipya. Kilikwisha kuvaliwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1659 Sir George Booth aliongoza uasi Cheshire akitaka ufalme urudishwe Uingereza. Uasi ukashindwa, lakini ufalme ukarudi, na mwaka 1661 Booth akatunukiwa cheo cha Baron Delamer. Wazao wake wakakishika hadi mwaka 1770, kilipokufa kwa kukosa mrithi wa kiume. Baada ya miaka 51 kikachukuliwa tena, kikaongezwa herufi moja mwishoni, kikapewa akina Cholmondeley. Familia mbili, neno moja, na kinachoziunganisha katika neno hilo ni msitu uliokuwa jirani ya zote mbili. Koti linalotundikwa nyuma ya mlango likangojea mtu mwingine wa kulivaa haliwezi kuitwa ngozi.

Mtetezi wa imani ya zamani atakubali hapo, maana hana njia, kisha atasogea nyuma hatua moja. Atasema: haya, Delamere ni cheo, lakini Cholmondeley ni jina la ukoo la kweli, na linaonekana katika maandishi ya mwaka 1086. Ni kweli linaonekana. Katika daftari kubwa ambalo William Mshindi aliagiza liandikwe ili ajue kila shamba la Uingereza lina nani na lina thamani gani, kuna neno Calmundelei. Ila kilichoandikwa pale ni kijiji, si mtu. Jina la kijiji limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale: Ceolmund, jina la mwanamume, na leah, mahali palipofyekwa msituni. Shamba la Ceolmund, kwa ufupi. Ceolmund alikuwa mtu wa kale aliyekuwepo kabla ya ushindi wa Wanormani, na hakuna anayejua alikuwa nani. Mabwana waliokipata kijiji hicho baadaye, tawi la nyumba iliyotawala Malpas, hawakudai kuwa wajukuu wake. Walipata ardhi yake, wakaitwa kwa jina la ardhi yake. Ni kama mgeni apewe ploti Kwa Muhia, kule upande wa kusini wa ziwa, watu wamzoee kama Bwana Kwamuhia, na baada ya miaka mia nane wajukuu wa wajukuu zake waambiwe kwamba wana jina la kale linalothibitisha damu yao. Damu ya nani? Ya Muhia?

Njoro inatupa ushahidi mzito kuliko huo, na ni ajabu kwamba hautajwi, ilhali watu wanaupita kila siku. Maurice Egerton, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1958, ndiye aliyeanzisha shule ya kilimo mwaka 1939 ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na ndiye aliyejenga ngome ya mawe inayotembelewa na watalii na maharusi. Wageni pale husimuliwa kisa cha mchumba aliyeidharau nyumba ya kwanza. Kisa cha jina hakisimuliwi, nacho ni kitamu zaidi. Nasaba zao zenyewe zinasema kwamba Egerton na Cholmondeley ni watu wa nyumba moja. Wote wanarudi kwa mabwana wale wale wa Malpas. Tawi moja lilipata kijiji cha Cholmondeley, jingine likapata Egerton, kijiji kilicho karibu, na kila moja likaitwa kwa kijiji chake. Basi jina la ukoo hapa halikuhifadhi undugu, liliuficha. Wanaume wawili wa kizazi kimoja walikuja kuchukua mashamba katika Njoro moja ya Kenya, na jirani yao Mkikuyu au Mkalenjin asingeweza kwa namna yoyote kujua kutoka kwa majina yao kwamba ni wa ukoo mmoja. Katika ukoo wa Anjiru au wa Ambui jambo hilo lingejulikana kabla chai haijapoa.

Na bado kuna fundo jingine. Mwaka 1780 Samuel Egerton, mwenye jumba na ardhi ya Tatton, alifariki, na mali ikaenda upande wa dada yake Hester. Hester alikuwa ameolewa na mtu aitwaye William Tatton, na mwana wao, aliyeitwa pia William Tatton, akaliacha jina la baba yake akawa Egerton ili jina liende sambamba na mali. Maurice wa Njoro anatoka kwa huyo. Ukimfuata baba kwa baba, kwa kanuni ile ile ambayo majina ya Kiingereza yanasifiwa kuifuata, hafiki kwa Egerton yeyote wa kale. Anafika kwa akina Tatton. Hili halikuwa jambo la aibu wala la siri. Wenye ardhi Uingereza walilifanya mara nyingi: mzee asiye na mwana anaandika wosia kwamba atakayerithi shamba sharti alichukue na jina, na mkwe au mpwa anabadili jina kama anavyobadilisha anwani. Shamba lilikuwa kama ng'ombe mwenye kengele: anayemchukua ng'ombe anaondoka na mlio wake.

Kuna pingamizi moja la nguvu, na si haki kulikwepa. Wanasayansi wamelinganisha vinasaba vya wanaume wenye jina moja. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford alichapisha utafiti juu ya wanaume wanaoitwa Sykes kama yeye, akakuta karibu nusu yao wana alama moja ya kromosomu ambayo baba humpa mwana. Huwezi kusema kwamba hiyo si damu. Kwa majina adimu, yaliyoanza na mtu mmoja katika kijiji kimoja, jina na damu vimetembea pamoja mwendo mrefu, na anayekana hilo anabishana na maabara. Lakini isome hesabu yote. Karibu nusu wanashiriki alama; zaidi ya nusu hawana, na bado ni Sykes halali mbele ya sheria, mbele ya kanisa na mbele ya majirani. Maana yake ni kwamba jina liliendelea vizuri tu pale damu ilipobadilika, kwa kuasili mtoto, kwa mama kumpa mtoto jina lake, au kwa mambo ya usiku ambayo hayaandikwi. Kwa Smith, ambalo ni jina la kazi ya uhunzi na lilizuka upya katika kila kijiji kilichokuwa na tanuru, hakuna haja hata ya kutafuta babu mmoja. Nami sijadai kwamba majina ya Kiingereza hayana damu kamwe. Ninadai kwamba damu haikuwa sharti lake.

Sharti lilikuwa nini? Daftari. Kabla ya Wanormani Waingereza wengi walikuwa na jina moja na lakabu iliyokufa na mwenyewe. Majina ya kurithiwa yaliingia kidogo kidogo, kwanza kwa wenye ardhi waliohitaji kuthibitisha urithi, kisha kwa watu wa kawaida kadiri serikali ilivyozidi kuwahesabu. Kodi za kichwa za miaka ya 1377 hadi 1381 zilitaka orodha za majina. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, na kuanzia hapo jina la baba likaanza kuganda kwenye karatasi. Mwaka huo huo, kwa mkono wa serikali ile ile, abasia ya Vale Royal ilifungwa na ardhi ya watawa ikaingia sokoni. Akina Cholmondeley wakainunua mapema katika karne iliyofuata. Daftari na hatimiliki vilizaliwa ndugu. Wales, ambako watu walijitambulisha kwa baba na babu, Fulani ap Fulani ap Fulani, desturi hiyo ilibanwa na ofisi za Kiingereza hadi ap Hywel akawa Powell na ap Rhys akawa Price. Anayesikia arap ya Wakalenjin katika ap hiyo asikimbilie kudai undugu wa lugha, maana haupo. Lakini undugu wa fikra upo, na waliopoteza ni Wazungu. Hata familia ya kifalme yenyewe haikuwa na jina lililotulia: mwaka 1917, katikati ya vita na Ujerumani, George V alilitupa jina la Kijerumani la nyumba yake akachukua la ngome, Windsor. Mahali tena.

Sisi tulilipata daftari letu kwa njia kali zaidi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa kufanya kazi akalazimika kuvaa kipande shingoni, chenye jina, kabila, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake. Watu wa Molo, Njoro na Naivasha walikivaa wakiwa kwenye mashamba ya akina Cholmondeley na wenzao, ambao wao hawakuvaa chochote. Karani aliyeandika kipande alihitaji jina linalokaa mahali pamoja. Mfumo wa Kikuyu haukuundwa kwa ajili yake. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa nyanya upande wa baba, wa pili kwa nyanya upande wa mama. Kwa hiyo mtu akikutajia watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, amekutajia wazazi wa pande zote mbili, wanaume kwa wanawake. Jina la Kiingereza, likishikwa kwa uaminifu wote, humtaja babu mmoja kati ya wanane wa kizazi cha tatu na kuwafuta saba, akiwamo kila mwanamke. Ukiongeza ukoo, mbari na rika ambalo mtu alitahiriwa nalo, una mfumo unaomweka mtu mahali pake bila karatasi. Udhaifu wake ni mmoja, nao si mdogo: unahitaji wanaokumbuka. Mji wa wapangaji, ambamo kijana amezaliwa Kihoto na mama aliyekuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, na babu yuko mbali au hajulikani, unaukata mfumo huo kwenye mizizi. Hapo daftari lina faida yake. Lakini faida ya daftari ni faida ya daftari. Haimfanyi Mwingereza kuwa na babu wengi kuliko wetu.

Wengine watauliza haya yote yanamhusu nini mkazi wa Kihoto, ambaye shida yake ni kodi ya nyumba na maji ya ziwa. Yanamhusu kwa sababu jina hufanya kazi katika mabishano ya ardhi hata pale lisipotajwa kama hoja. Tunaposema "ardhi ya Delamere" kwa sauti ya kutaja mlima au mto, tunaupa umiliki umri ambao hauna. Kilichotokea kina tarehe. Mwaka 1904 Wamasai walitia alama kwenye mkataba uliowahamisha kutoka nchi ya Naivasha na Nakuru kwenda Laikipia. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa na huko. Katika miaka hiyo hiyo Hugh Cholmondeley alipewa karibu ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Pale Cheshire ardhi ilimpa mtu jina. Mgeni aliyefika alikubali kuitwa kwa kijiji alichokikuta, na Ceolmund akabaki amezikwa ndani ya jina la mabwana wapya. Huku mkondo uligeuka, mtu akaja na jina lililokwisha kukauka, na nchi ndiyo ikaanza kuitwa kwa mtu. Ni haki kusema kwamba Hugh mwenyewe hakulifuta Soysambu, ambalo ni la Kimasai, wala Njoro. Waliompachika barabarani Nairobi ni wengine. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya uhuru, na sanamu yake ikaondolewa ikapelekwa Soysambu. Lakini kwenye barabara ya Nakuru hakuna serikali iliyohitajika kuliweka jina wala iliyojaribu kuliondoa. Wasafiri wenye kiu walitosha.

Sitaki kusikika kana kwamba nataka jina hilo lifutwe. Majina ya mahali hayafuti deni na wala hayalilipi, na mtindi ni mtindi. Ninachokataa ni kulipigia magoti kama ushahidi wa ubora wa nasaba, kisha kumwambia mtoto aitwaye kwa babu yake kwamba hana jina la ukoo. Na kwa wale wanaoona uchungu kwamba majina haya yamebaki mikononi mwetu, Njoro ina jibu lake. Cheo cha Egerton kilikufa na Maurice mwaka 1958. Hakuoa, hakuacha mwana. Jina halikufa. Wanaoliandika kwa wingi leo ni wahitimu wa chuo kikuu, akina Wanjiru, Chebet na Otieno, wanaoliweka katikati ya wasifu wao wakiomba kazi. Hawana tone la damu ya Malpas. William Tatton naye aliliokota mwaka 1780 kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupokea, na kitu hicho kilikuwa na jina juu yake.